Hatua Mbili Kutoka Baharini

Nilikwenda Rimini kusomea utalii. Msomaji na anicheke mapema tumalize, kwa sababu katika mji ule aliyenitoa nyumbani ni mtalii, na asubuhi ya siku ileile nilikuwa darasani nikifundishwa namna ya kumvutia aje.

Chuo Kikuu cha Bologna kina tawi Rimini, na mimi mtoto wa Malindi nilijiona nimechagua pepesi. Kiitaliano ninacho. Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka baharini pale Ngomeni mwaka 1967, na nyuma yao wakaja jamaa zao kurusha unga wa piza, hata sisi wa Malindi tukakipata Kiitaliano kama tulivyoipata surua. Ila changu kilikuwa cha ufukweni. Nilijua kusema bei ya rafiki, kesho bila shaka, na mkeo ni mrembo. Ukimpigia simu mwenye nyumba hakuna hata moja la kukufaa. Hilo la mwisho nililijaribu.

Matangazo ya nyumba nayo yana lugha yake. "No perditempo", wapoteza wakati wasipige. "Arredato", ina samani. Halafu lipo lile tamu kuliko yote, "a due passi dal mare", hatua mbili kutoka baharini. Nyumba ya kwanza niliyokwenda kuiona, huko Viserba, ilikuwa ya hatua mbili. Nilizihesabu: 1,940. Baina ya hatua ya mia saba na ya mia saba na moja ilipita reli.

Hiyo reli ndiyo dalali mkuu wa pwani ile. Imelala sambamba na bahari, na kila mtu hukuuliza nyumba iko "lato mare" au "lato monte", upande wa bahari au upande wa mlima. Mlima wenyewe uko mbali kule San Marino, lakini ukishatoboa njia ya chini ya reli tu wewe umekwisha kuwa mtu wa mlimani, na kodi inashuka. Sikuhitaji kueleweshwa zaidi. Kwetu pia upo mtaa uitwao Barani, ndani ya mji wa bahari, na ndiko nilikozaliwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuomba nyumba ya mwaka mzima. Dalali aliyevaa miwani ya jua ndani ya ofisi aliivua anitazame vizuri. Mkataba wa kawaida wa nyumba Italia, kwa sheria ya mwaka 1998, ni wa miaka minne na mingine minne juu yake, na ukimtajia mwenye nyumba wa ufukweni hiyo minane anashika kifua. Kwake nyumba ina miezi mitatu, Juni mpaka Agosti, na wiki moja ya karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu yao ya Ferragosto, inalipa kuliko mwanafunzi kwa mwezi mzima wa Februari. Miezi mingine ni ya kuzuia ukungu usiote ukutani. Hiyo ndiyo wanayotuachia sisi, na mkataba wa wanafunzi upo kwa kazi hiyo: uingie Septemba, Mei ikiisha uwe umeondoka na sufuria zako.

Haya, nikakubali kuwa dawa ya ukungu. Sasa ipatikane hiyo nyumba.

Mzee mmoja mchangamfu aliniinamia sikioni akasema angeniondolea euro 80 kama tungefanya "in nero", yaani kwa weusi. Nikavimba. Nikamuuliza, na mweupe je, yeye analipa ngapi? Akanitazama kwa huruma, akasema kwake wote wanalipa kwa weusi, hata mpwa wake. Nilikuwa nimeshafika kituo cha basi nilipong'amua kwamba ni kodi ya mkono kwa mkono, isiyoandikwa popote, serikali isijue. Uchungu ni kwamba ndiyo bei pekee niliyoimudu na ndiyo nisiyoweza kuichukua. Mgeni anayeishi kwa kibali anatakiwa awe na mkataba uliosajiliwa, na bila karatasi ile anwani yako ni begi lako.

Nyumba ya Torre Pedrera sitaisahau. Mwenyewe alifungua chumba cha kulala kwa madaha, tukapokewa na miamvuli ya ufukweni kumi na mmoja, viti vya kukunja, na bata wa mpira wa kuogelea, mkubwa kama mbuzi, aliyekalia kitanda. "Arredato," akasema. Nikauliza cha kupashia joto kiko wapi. Akatafakari, akaleta feni. Nyumba nyingi za upande wa bahari zilijengwa zikiwa na Julai kichwani, na Januari ikifika ukuta wake ni pazia tu.

Lakini choo! Msalani, kando ya kiti cha choo, palikuwa na beseni lake la chini lenye bomba, bidet. Na si anasa ya mwenye nyumba, ni amri: tangu mwaka 1975 nyumba ya Italia yatakiwa iwe nayo. Nilikuwa nimetembea na kopo langu kutoka Malindi, nimelifunga ndani ya fulana, nikijua kwamba Ulaya ni karatasi tupu. Kumbe lipo taifa zima la Wazungu lenye sheria ya kuchamba. Nilikaribia kuichukua nyumba ile, bata na feni yake, kwa ajili ya hilo beseni tu.

Mwishowe nikampata signora. Kwake ni Rivazzurra, upande wa bahari: chumba, jiko na beseni la heshima, ghorofa ya nne, euro 350 kwa mwezi, amana ya miezi miwili, mkataba halali. Kutoka mlangoni mpaka mchangani ni hatua 410, nazo nilizihesabu kwa raha. Yeye aliishi ghorofa ya kwanza, mama wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe, macho ya mtu aliyewahi kudanganywa mara moja tu.

Mji wa ufukweni wakati wa baridi ni kama ua wa harusi siku ya pili. Hoteli zimefunga, vibanda vimepigwa mbao, na bahari inajivumia peke yake. Ijumaa moja ya Januari nikashikwa na hamu ya pilau. Hita ilikuwa inawaka, mashine ya kufulia inazunguka, nikalitia moto jiko la umeme. Giza. Nyumba ya kawaida ya Italia hupewa kilowati 3, ukivipanga vyombo vibaya inakuzimikia, na swichi ya kurudisha ilikuwa chini kabisa kwenye mita. Nikashuka na kikoi, nikisema ni dakika moja. Nyuma yangu nikausikia mlango ukijifunga, nao ni wa kujifunga wenyewe, funguo ziko ndani na pilau.

Basi nikambishia signora hodi nikiwa na kikoi na sweta. Funguo za akiba alikuwa nazo, lakini kwanza kahawa, maana mtu hapandi ngazi na magoti yanayogongana. Aliona nalitazama gereji lake dirishani. Akaniambia ndimo alimolelewa kila kiangazi. Watalii walipoanza kumiminika, watu wengi wa pwani ile walipangisha nyumba mpaka vitanda vyao, wao na watoto wakahamia gerejini na jiko la gesi hadi Septemba. Na mpaka leo, Juni ikiingia, yeye anashuka kulala mle, ghorofa ya kwanza na ya nne ziende kwa wiki.

Nilicheka mpaka kahawa ikamwagikia kikoi. Nikamwambia Disemba zote za utoto wangu nimelala kwenye banda la uani, maana mamangu alikuwa amewapa Waitaliano kitanda changu.

Signora hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Bado anapangisha?" Mifupa yake haiipendi Januari, akasema. Mwaka ujao angetaka nyumba, si hoteli, kuanzia katikati ya Januari mpaka Machi, bei ya kadiri, bahari isiwe mbali. Uso ule naujua. Ndio niliouvaa Septemba nzima.

Nikampigia mama.

"Na aje, mwanangu. Lakini kabla ya tarehe kumi Januari ni bei ya wiki, mwambie. Na umeme ni tokeni, anunue mwenyewe."

"Mama, atauliza bahari."

"Bahari ipo."

"Kutoka Barani mpaka ufukweni si ni tuktuk?"

"Na yeye yake alikwambia ni hatua ngapi?"

Nikamwandikia signora tangazo kwa Kiitaliano safi, mezani pake, na maneno yote niliyofundishwa na mji wake. Akalisoma polepole, kidole chini ya mstari. Akafika mwisho, akavua miwani.

"Hatua mbili za nani?"

Tarehe 31 Mei nilizishusha sufuria zangu. Gereji lilikuwa wazi, yeye yumo ndani anafagia, na kando ya kitanda chake palikuwa na cha pili kimekunjuliwa, kina shuka.

"In nero?" nikamuuliza.

"Bure," akasema. "Lakini nikiwasha jiko, wewe unazima taa."