Mbuzi Amepita, Mlima Umekataliwa

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, nikiwa nimekaa juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya mjomba, mahali pekee hapa Matombo ambapo simu yangu inashika mtandao bila kubembelezwa. Picha yangu, sehemu ya nne ya katuni ninayoirusha mtandaoni, imeondolewa. Sababu: uchi.

Niliitazama tena. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na migomba, kibanda, mbuzi aliyesimama upande, na kwa mbali vile vilele viwili vya mawe vilivyokipa kijiji jina. Nikamshuku mbuzi. Kweli hakuwa amevaa kitu.

Halafu ikanijia. Kwa wasiojua Kiluguru, matombo ni matiti. Mababu waliyatazama mawe mawili yaliyosimama pamoja, wakayaita yanavyofanana, wakaendelea kulima. Wamisionari wa Kikatoliki walifika mwaka 1897, wakaanzisha misheni, wakaiita Misheni ya Matombo na kulitaja jina hilo kanisani bila kupepesa macho. Zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeona cha kufuta. Leo mashine ambayo haijawahi hata kufika Mkuyuni hapo jirani imeona kile kile walichokiona mababu, ila yenyewe ikashtuka.

Niliudhika, lakini nikiri: moyoni nilifurahi kidogo. Kumbe mlima umefanana.

Mimi ni mchora katuni wa kujitegemea. Maana yake ni kwamba nategemea ugali wa mjomba. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hata shamba hufuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo mjomba ana kila haki ya kuuliza mpwa wake anashinda na simu akifanya nini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiyo kazi yako inakwendaje?"

"Vizuri, mjomba. Watu mia nne wananifuatilia."

Akashusha jembe begani. "Umefanya nini?"

Nilitumia nusu saa kumweleza. Kwa mjomba mchora katuni ni mmoja tu, Masoud Kipanya, na hata huyo anamkubali zaidi kwa kuwa amemsikia redioni. Nikamtajia Gado, aliyetoka Dar es Salaam akaenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation mwaka 1992. Mjomba akasema huyo alikwenda Nairobi, mimi nimetoka kitandani mpaka kichuguuni. Sikuwa na jibu.

Nilianza kama wengi wa rika langu, kwa kunakili kurasa chakavu za Sani, gazeti la katuni la akina Madenge na Ndumilakuwili, ambalo Philip Ndunguru alikuwa mmoja wa nguzo zake hadi alipofariki mwaka 1986, akiwa bado kijana. Watu wale walikuwa na wino na karatasi. Wino ukimwagika, unajua umemwagika. Mimi nilitaka kuchorea kwenye simu, ambako mambo humwagika kimya kimya.

Tatizo la kwanza lilikuwa kalamu. Kidole changu kimekomazwa na jembe. Kikigusa kioo kinafunika uso mzima wa mhusika. Peni ya simu niliyonunua mjini ilidumu siku tisa, ncha ikang'oka. Nikakumbuka nilisoma kwamba majira ya baridi ya mwaka 2010 Wakorea Kusini walitumia soseji kugusia simu zao ili wasivue glavu. Kioo cha simu hizi hakijali unakibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kinahisi umeme mdogo unaopita kwenye kitu chenye majimaji ndani. Soseji sina. Ndizi je? Matombo ukikosa ndizi, basi umehama.

Nilijaribu ndizi ya mkono wa tembo, nikapata mstari mnene kama barabara. Kisukari kilifanya vizuri zaidi, hasa kikichongwa ncha. Nilichora nacho kurasa mbili nzima, mistari ina uhai, nikaona nimegundua jambo la kuwashangaza mabingwa. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi, mtoto wa dada yangu alikuwa amekula kalamu.

Tatizo la pili ni leya. Anayechora kidijitali anatakiwa aweke nyumba kwenye leya yake, mhusika kwenye yake na maneno kwenye yake, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, ili akikosea afute moja tu. Mimi niliziona kama ubadhirifu. Nikarundika kila kitu kwenye leya moja, na siku nilipoamua kumnyoa mhusika ndevu, nilinyoa pia ukuta uliokuwa nyuma yake. Wasomaji walisifu sana lile tundu. Wakadhani lina maana.

Tatizo la tatu ni mvua, na hili halina somo. Upande huu wa mashariki wa Milima ya Uluguru ndio unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi, na sehemu za juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Tone likianguka kwenye kioo, simu hudhani ni kidole. Siku moja ya masika manyunyu yalinichorea mhusika masharubu matatu, yakageuza anga kuwa ya zambarau, kisha yakabonyeza "Futa". Maji ya milima hii hushuka kwa Mto Ruvu mpaka mabombani Dar es Salaam. Kwa hiyo yule msomaji wa Ubungo anayelalamika kila mara kwamba sehemu ya tano imechelewa, ajue kuwa sababu anaioga.

Fedha yangu ya kwanza ya grafiki niliipata kwenye harusi, na nikairudisha. Niliombwa bango la mita tatu lenye picha ya bibi harusi. Picha ilikuwa imerukishwa kutoka simu hadi simu, ikibanwa kila inapopita, mpaka ikabaki na pikseli 600 kwa upana. Kwenye simu alipendeza. Sikuwa nimepiga hesabu: mita tatu ni sentimita 300, kila pikseli ikapewa nusu sentimita. Bango lilipofunguliwa ukumbini, bibi harusi alikuwa miraba mitupu. Mama mkwe alimkazia macho muda mrefu, kisha akauliza nani kamfuma mwanawe ukili.

Sasa najua. Pikseli ni kama debe moja la mahindi: unaweza kulianika kwenye ungo au kulitawanya uwanja mzima, punje hazizaliani. Mchoro wa vekta ni tofauti, huo haubebi punje, unabeba maelezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Ukiukuza hadi ukubwa wa nyumba, mstari unabaki safi. Bango la pili nilimchora mwenyewe kwa vekta, bure, kama fidia. Pua nilikosea, lakini ilikosewa kwa mstari safi kabisa.

Turudi kwa mlima wangu. Nilikata rufaa. Fomu ilitaka nichague moja kati ya sababu tatu, na hakuna iliyosema "hiyo ni jiografia". Nikachagua iliyokuwa karibu. Jibu lilirudi kabla sijashuka kichuguuni: uamuzi haubadiliki.

Usiku huo, kwa kisukari kipya nilichomficha mtoto, nilifungua leya mpya juu ya vilele, nikavifunika kanga pea moja, kila kilele kipande chake, nyekundu yenye pindo jeusi. Nikarusha tena. Ikapita.

Asubuhi nikamwonyesha mjomba. Akavaa miwani, akaikodolea simu.

"Nani kauvisha mlima?"

"Mimi, mjomba. Walisema uko uchi."

"Na huyu mbuzi?"

"Huyo hawakumsema."

Akanirudishia simu, akachukua jembe lake, akaenda zake shambani.

Sehemu ya nne iko hewani mpaka leo. Milima imevaa kanga, mbuzi yuko uchi.