Wakwe Wawili na Mto Mmoja

Tulipotangaza kwamba tunakwenda msituni, mtoni na kisiwani, na kwamba mama zetu wote wawili wamo kwenye msafara, majirani wa Itumba hawakuuliza habari za mamba wala viboko. Waliuliza wakwe wale watalala wapi. Swali lilikuwa la haki. Mama yangu ni mtoto wa Ileje, kazaliwa milimani juu ya Mto Songwe na maisha yake yote hajakaa mbali nao. Mama mkwe wangu ni Msangu wa Mbarali, mkulima wa mpunga, aliyehamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, akaja na kinu chake, vyungu vyake na msimamo wake. Wanaheshimiana mno. Wanaitana "mkwe", wanapokezana ungo kwa mikono miwili, na hakuna jambo wanaloafikiana, kuanzia muda wa kuchemsha maharage hadi namna ya kumfunga mtoto mgongoni.

Fedha zilitoka kwenye kahawa na parachichi. Shangazi wa baba watoto alikuja asubuhi na mapema kutuambia tununue mabati. Baba watoto akamjibu kwa adabu, "Shangazi, mabati yatakuwepo dukani hata mwakani. Mama zetu ndio hatuna mkataba nao." Nilimuunga mkono siku ile na ninamuunga mkono leo. Watu wanavuka bahari kuja kuitazama nchi hii, wanalipa kiingilio kikubwa mara kadhaa kuliko kile cha raia, na sisi tunaoishi ndani yake tunaishia Tunduma kununua vitenge. Bibi aliyelima miaka yote ana haki ya kuona nchi inavyoishia baharini.

Mpango ulikuwa huu: Mang'ula, chini ya msitu wa mvua wa Milima ya Udzungwa, halafu Mloka, tupande boti kwenye Mto Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, halafu Nyamisati, tuvuke kwenda Mafia. Kila kituo kina mwongozaji wake. Tulichagua Desemba kwa sababu shule zimefungwa na papa potwe wanaonekana Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi.

Hadi Mpemba hakukuwa na neno. Lami ile ya kutoka Isongole imetuondolea vumbi na matope tuliyoyazoea, na kwenye barabara kuu basi lilikuwa zuri. Kasheshe ilianzia Chimala. Mama mkwe alisimama katikati ya basi, akawaonyesha abiria wote mashamba ya mpunga ya kwao, akawataja wenye majaruba mmoja mmoja. Mama yangu alitazama, akaitikia "Hongereni," akaendelea kumenya karanga. Tukapita Iringa, tukateremka Kitonga, mama kafumba macho kona zote, na tulipofika Ruaha Mbuyuni Mto Ruaha Mkuu ukaonekana kando ya barabara. Mama mkwe akamgusa bega.

"Mkwe, amka. Huu ndio mto wetu wa Usangu. Umetufuata mpaka huku."

Mama akafumbua macho, akautazama.

"Mbona mwembamba?"

Hakusema kwa ubaya. Namfahamu mama yangu; aliuliza alichokiona. Lakini mama mkwe alijifunika kitenge usoni na hawakuzungumza tena mpaka Mikumi, wala tulipokata kulia kwenda Kidatu, mahali ambapo maji hayohayo yanazungusha mitambo ya megawati 204. Watoto walimwonyesha bibi yao nguzo za umeme. Bibi hakufunua kitenge.

Udzungwa ni mahali pa kwenda mtu akiwa na miguu yake. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1992, haina barabara ya kupita na gari ndani ya msitu, na maporomoko ya Sanje yanadondoka mita 170. Mama, ambaye njia ya kwenda kanisani kwao ni mlima, alipanda bila kupumzika, akamwacha nyuma kijana wetu wa sekondari. Mwongozaji alikuwa bingwa. Alituonyesha mbega wekundu wa aina isiyopatikana popote duniani ila kwenye milima hii na kandokando yake. Akatuambia kwamba kima mwingine wa hapo, anayeitwa kwa jina la Sanje, wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimsikia akilia kila siku. Mama akatingisha kichwa kwa kuridhika. Mama mkwe, mtu wa tambarare, alibaki chini kwenye banda la kupumzikia, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa kikapu.

Kikapu kilikuwa cha mama. Alikuwa amekipakia unga, ndizi, maharage makavu na parachichi, kwa kuwa hakuamini kwamba Pwani watu wanakula vizuri. Ndani yake zilikuwemo pia dawa zake za presha, na chini kabisa, kwa usalama, bahasha ya nauli ya kuvukia kwenda Mafia. Kitinda mimba wetu, aliyebaki na bibi yake, akamhurumia nyani mmoja aliyekaa peke yake, akamnyooshea ndizi. Nyani yule hakuwa peke yake. Tuliporudi tulikuta mama mkwe amesimama na fimbo chini ya mti, mweupe kwa unga kuanzia kilemba hadi kandambili, akimtukana nyani dume kwa Kisangu fasaha. Bahasha ilidondoka ikiwa nzima. Ndizi zilikwisha mbele ya macho yetu. Dawa ziliingia kwenye kijito na hazikuonekana tena.

Mama alikaa kwenye jiwe, mkono kifuani. Niliogopa kweli. Umri ule, mlima ule, na duka la dawa lipo mbali na pale tulipo. Mama mkwe akajipangusa unga, akafungua pochi lake, akatoa karatasi ya vidonge.

"Shika, mkwe. Ni hivihivi vyako. Daktari katuandikia sawa, niliona siku ile kliniki."

Mwongozaji alitupeleka kununua nyingine kabla ya jua kuzama, lakini usiku ule, kwenye gesti ya Mang'ula, tulisikia wakinong'ona chumbani kwao hadi usiku wa manane, na baba watoto akasema sasa tumepona.

Hatukuwa tumepona. Rufiji ulikuwa mbele.

Nasimulia asubuhi ile ya boti kwa kirefu kwa sababu nadhani ndiyo sababu hasa ya kusafiri. Boti ilikuwa na kivuli cha turubai, sote tumevaa majaketi okozi, maji yamepanuka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, minazi pori imesimama kingoni, keremkerem wanaingia na kutoka kwenye matundu ya udongo, na viboko wanaibua masikio tu. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa hukohuko, anayeupenda mto kwa moyo wake wote. Akatueleza kwamba hifadhi hii ilikatwa mwaka 2019 kutoka Selous na ina kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Kwamba juu kidogo kuna bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Na kwamba Rufiji hauna chemchemi moja, unaundwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu.

Mama mkwe akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na huo Ruaha unaleta kiasi gani?"

"Karibu asilimia 15, bibi. Kilombero ndio unaoleta mengi kuliko yote."

"Asilimia 15!" Akanigeukia mimi, nifanye jambo.

Mama yangu, ambaye angeweza kunyamaza, akauliza: "Na kwa nini kidogo hivyo, mwanangu?"

Kijana akasita. Akasema kwa heshima kwamba mvua za kule ni chache kuliko za Kilombero, hilo la kwanza. Halafu akasema kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi unapopita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope, samaki wanakufa, kwa sababu maji yanachepushwa Usangu kwenye mifereji ya mpunga, na ng'ombe nao walikuwa wengi mno kwenye ardhi oevu ya Ihefu.

Boti nzima ikamtazama mama mkwe. Alikunja miwani yake taratibu.

"Kijana, jana usiku umekula nini?"

"Wali, bibi."

"Basi."

Hakuna aliyecheka. Na mimi hadi leo sijapata wa kumpa haki peke yake kati yao. Mchele wa Mbarali unaliwa mijini kote, na mama huyu aliwasomesha watoto wake kwa magunia, akiwa amesimama kwenye maji yaliyomfika magotini. Lakini mto uliokatika umekatika. Kiboko aliyekwama kwenye tope hali wali. Uchungu wangu ulikuwa kwamba mama mkwe alisikia habari hii kama shtaka lake yeye, mbele ya wajukuu na mbele ya mkwe wake, wakati mfereji wake ni mmoja katika mifereji isiyohesabika, na mingi ni ya watu wenye mashamba makubwa na pampu.

Mashine ikagonga kitu, boti ikatikisika, ikakaa. Fungu la mchanga. Mto huu unahamisha mafungu yake kila msimu, na dereva hodari huwa anayasoma kwa rangi ya maji, lakini vuli ilikuwa imeyachafua. Kiboko akakoroma upande wa kushoto, karibu kuliko tulivyopenda. Kijana akaomba uzito uende mbele, haraka, bila kusimama. Wazito wetu ni wawili na wote tunawajua. Wakatambaa hadi mbele, wakaketi wamebanana, mama kamshika mama mkwe kiunoni kwa mikono yote. Boti ikageuka polepole, ikateleza, ikaelea. Walibaki wameshikana hata tulipofika gatini, na nilimsikia mama akisema, "Mto wa kwetu nao unahama, mkwe. Songwe unaamka asubuhi umelipeleka shamba la mtu Malawi. Unamlaumu nani?"

Barabara ya kutoka Mloka ilikuwa matope matupu. Tulifika Nyamisati maji yamekupwa, na boti ya Mafia imekwenda na maji. Tukalala hapo na mbu wake. Sina malalamiko, kwa sababu jioni ile mama alishuka hadi kwenye mikoko, akarudi mbio, na mama yangu huwa hakimbii. "Mkwe, njoo uone. Mto unarudi nyuma!" Bamvua lilikuwa linapanda, linasukuma maji kuelekea bara katikati ya mizizi. Wanawake wawili waliozeeka kwenye mito iteremkayo tu walisimama pale hadi giza, na mvuvi mmoja akawaeleza saa za kujaa na kupwa, akarudia mpaka wakazikariri.

Kuvuka hakuna la kusimulia ila kwamba baba watoto alitapika na wakwe hawakutapika. Chole tuliona popo wakubwa wamening'inia mchana. Juani tuliona magofu ya Kua, na watoto wakakimbizana humo kuliko nilivyotaka. Ghuba ile imo ndani ya hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, ya mwaka 1995, na inatunzwa vizuri.

Potwe wapo upande mwingine, mbele ya Kilindoni. Mmoja alikuja chini ya boti akiwa na madoa meupe mgongoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye huyu, tuliambiwa, bado kijana, kama wengi wanaokuja hapa. Kinywa kimefunguliwa, anachuja maji tu. Kitinda mimba akauliza kama anauma. Nahodha, mzee aliyevua maji haya tangu utoto, akasema anakula uduvi na vijidudu visivyoonekana.

"Na hao uduvi wanakula nini?" akauliza mama mkwe.

"Wanakula rutuba ya Rufiji, mama. Mto ukileta tope lake mlangoni pa bahari, maji haya yanakuwa na chakula."

Mama mkwe hakusema kitu. Mama yangu akataka kujua basi Songwe wake unaishia wapi, na kijana wetu wa sekondari akajibu kwa kujiamini: Ziwa Nyasa, Mto Shire, Zambezi, halafu baharini Msumbiji. "Bahari hiihii, bibi, ila kusini." Mama akaridhika.

Tulipokanyaga gati la Kilindoni mama mkwe aliomba simu. Akampigia mwanawe wa kwanza, shemeji yangu, anayelima shamba lake Mbarali. Sauti ilikuwa imefunguliwa, sote tukasikia.

"Kiangazi kilichopita, mfereji wetu ulifungwa usiku hata siku moja?"

"Mama, shikamoo. Upo Mafia au upo ofisi ya maji ya Bonde la Rufiji?"

"Marahaba. Nipo mwisho wa mfereji wako. Nijibu."

Shemeji akajieleza, na maelezo yake yalikuwa ya kweli: yeye akifunga, mwenye pampu hapo chini anavuta yote, na mtoni hakirudi kitu. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho.

"Maneno hayo ulishayasema kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji?"

"Bado, mama."

"Kikao kingine lini?"

"Jumamosi."

Mama yangu akachukua simu mkononi mwake. "Mwanangu, ni mimi mkwe. Tutashuka Chimala Ijumaa, wote wawili. Tutafutie viti vya mbele."

Baba watoto, bado ana rangi ya bahari usoni, akatoa tiketi za basi za hadi Tunduma, akaanza kupiga hesabu upya.