Kanuni za Mwiba

Chuo cha wanyama kiko ndani ya mafunjo ya Dunga, pale ambapo upepo wa Ghuba ya Winam huja na harufu ya omena. Kozi zake ni za kawaida: kusuka mikeka, kushona nyavu, kuanika samaki, na uhasibu ambao hakuna anayeufaulu. Mkuu wa chuo ni Kiboko. Wote humwita Jaduong', yaani mzee mkubwa, kwa sababu ya umri na kwa sababu ya mdomo.

Habari za Garissa zilipofika, hata vyura walinyamaza. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wenye bunduki waliingia chuo kikuu cha huko wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kwarara, ndege asiyejua kusema polepole, akauliza mbele ya kikao: mbona tahadhari ya shambulio dhidi ya vyuo ilikuwa imetolewa siku kadhaa kabla? Na mbona kikosi kilichoijua kazi kilikawia Nairobi saa nyingi kikihangaikia usafiri?

"Lete swali hilo kwa maandishi," akasema Jaduong'.

Kwarara hajui kuandika. Likaishia hapo.

Kilichoshughulikiwa ni silaha. Korongo, ambaye kila mwaka huenda ng'ambo akarudi na lafudhi, alisimama kwa mguu mmoja akaeleza kwamba jimbo la Texas huko Marekani lilipitisha sheria, na tangu 1 Agosti 2017 mwenye leseni anaingia na bastola iliyofichwa hata katika vyuo vidogo vya jamii. Wajumbe wakapiga makofi. Nungunungu, bawabu wa lango, akainua mkono. "Jaduong', bawabu wa binadamu pale Kondele ana rungu na tochi. Bunduki ni ya polisi, au ya aliyepewa leseni chini ya Sheria ya Bunduki, Sura 114. Sisi tunakimbilia wapi?" Akajibiwa kwamba hakuitwa kutoa maoni, ameitwa kutoa miiba.

Wakamng'oa miiba, wakaichovya katika sumu ya swila, kila mfanyakazi akapata mmoja. Kisha ikaundwa kamati ya kanuni, yenye posho.

Kifungu cha kwanza kilisema mwiba ufichwe, wanafunzi wasiogope. Cha pili kikasema wanafunzi wajue upo, ili wajisikie salama. Cha tatu kilijaribu kueleza mfanyakazi ni nani, na hapo wakalala siku mbili. Chura alikuwa akipiga kengele kwa mkataba wa miezi mitatu, mwaka wa saba. Katika mambo ya bima na pensheni, chuo kiliwahi kuamua kwamba si mfanyakazi. Katika mambo ya kufa langoni, kamati iliona ni mfanyakazi kamili. Kifungu cha tisa kikaagiza miiba ya vibarua ifungiwe stoo na ufunguo ukae kwa Kobe, kwa kuwa Kobe hana haraka ya kumdhuru mtu. Wakubwa wangetembea na yao.

Kenge, mhasibu, akataka zoezi la kushtukiza. Kobe akawakumbusha ya Strathmore, Nairobi, 30 Novemba 2015: shambulio la kuigiza, watu wakadhani ni la kweli, wakaruka madirishani, mfanyakazi mmoja akafa. Zoezi likafutwa. Katika kumbukumbu zote za vikao sijaona busara nyingine.

Kwarara alirudi mara tatu kupiga kelele kwamba Mamba amehamia Dunga, na kwamba ua una tundu upande wa ziwa, pale mafunjo yalipokatwa yakauzwa kwa wasusi wa vikapu. Nani aliyauza? Risiti ina sahihi ya Kenge.

Usiku mmoja wa giza, wavuvi wakiwa mbali na taa zao za omena, Nzohe, yule swala wa matopeni, alikwenda ofisi ya fedha kudai stakabadhi ya karo. Alikwenda usiku kwa sababu mchana Kenge huwa "ametoka kidogo". Kenge akasikia kwato zikifanya pwacha, pwacha kwenye tope. Hakuuliza nani. Akachoma. Nzohe alipona, ila mguu wa nyuma haukanyagi tena.

Saa ileile Mamba alipita tunduni akachukua vifaranga wawili wa bata, wa mwaka wa kwanza. Chura alimwona vizuri kabisa. Akakimbilia stoo, stoo imefungwa. Kobe akaarifiwa, akaondoka papo hapo, akafika Alhamisi.

Kamati ya uchunguzi ilikaa wiki tatu. Ikathibitisha kwamba kanuni zilifuatwa zote. Kenge akapongezwa kwa wepesi. Chura hakuongezewa mkataba. Bei ya mwiba uliovunjikia mguuni mwa Nzohe imeongezwa kwenye karo yake, na matokeo yake yamezuiwa hadi alipe. Kuhusu tundu, Jaduong' alisema bajeti imekwishia kwenye posho.

Sasa, omera, ndugu yangu, kama una mtoto anayesoma pale, mwambie stakabadhi aidai mchana, Kenge asipokuwepo arudi kesho, na njia nzima aimbe kwa sauti.