Bwana, Sikiliza Vizuri Maana Sirudii

Kama kuna kazi nisiyoitamani duniani wala mbinguni, ni ya malaika anayepokea maombi ya jumuiya yetu. Maskini, hapati ombi hata moja. Anapokea maagizo tu. "Bwana, mpe binti yangu kazi bandarini, siyo ile ya mkataba, ya kudumu." "Bwana, lete mvua, ila isubiri tumalize kuezeka." Mungu mwenyewe haulizwi anaonaje. Anaarifiwa, anakumbushwa, anahimizwa, kisha anafungiwa mlango kwa "Amina" na watu wanahamia kwenye chai na maandazi.

Na hapo sijafika kwenye vijembe. Mama mwenye nyumba wangu ni mwombaji hodari. Juzi ibada ilikuwa kwake, akapaza sauti: "Baba, unamjua mwanao mmoja, jina silitaji, anakaa chumba cha uani, mlango wa bluu, anapiga pasi saa sita usiku mpaka LUKU ya watu inakwisha. Mguse, Baba!" Jumuiya nzima ikaitikia "Mguse!", jicho moja limefumbwa, jingine linatafuta mlango wa bluu. Uani kwetu mlango wa bluu ni mmoja.

Kijembe cha dirishani utakijibu. Cha kwenye maombi utakijibuje na watu wameinamisha vichwa? Ikabidi nisubiri zamu yangu, nami nikawaombea kwa uchungu wote wale wenye friji mbili, moja ya soda za biashara, wanaochanga umeme sawasawa na mwenye pasi moja. "Amina" yangu ilikuwa nyembamba sana.

Halafu kuna hawa waliooneshwa. Siku hizi mtaani huwezi kununua hata kitunguu bila mtu kuoneshwa. Mpendwa mmoja alinishika mkono nje ya kanisa, macho yamemlegea: "Mpendwa, nimeoneshwa unajenga kwenye kile kiwanja changu." Nikamuuliza kama ameoneshwa na bei. Akasema bei ni maelewano. Na hati? Hati inafuatiliwa. Kiwanja chenyewe masika yote wanakaa vyura, tena bila kodi. Kinachonishangaza ni kwamba sijakutana bado na aliyeoneshwa apunguze bei, au arudishe deni, au amwombe radhi jirani. Mapenzi ya Mungu yanawakaa sawasawa kama shati walilopimiwa kwa fundi.

Nikifungua Biblia, waliouliza kweli hawakujibiwa hivyo. Chukua Habakuki, mnung'unikaji mwenzangu. Kitabu chake kina sura 3 tu, na kinaanza na malalamiko hata kabla ya salamu. Alichoshwa na dhuluma ya Yuda, sheria imelegea, mwovu anamzunguka mwenye haki, akamuuliza Mungu atanyamaza mpaka lini. Akajibiwa kwamba Wakaldayo wanakuja. Wakaldayo! Watu wabaya kuliko wale aliokuwa anawashtaki! Habakuki akalalamika upya, safari hii juu ya jibu lenyewe. Lakini hakususa, wala hakwenda kutafuta nabii wa mjini mwenye majibu matamu. Alipanda mnarani, akasimama zamu, akangoja asikie Mwenyezi Mungu atamwambia nini. Sura ya 3 inaisha Wakaldayo wakiwa bado njiani, naye anasema hata mitini isipochanua na mazizi yakibaki matupu, atamfurahia Mungu wake.

Ayubu naye alidai maelezo, akapewa maswali. Kuanzia sura ya 38 hadi ya 41 anaulizwa habari za misingi ya dunia, ghala za theluji, na majira ambayo mbuzi wa mwituni huzaa. Kuhusu majipu yake, hata neno. Lakini tazama mwisho wake. Wale rafiki zake watatu, waliokuwa wanamtetea Mungu kwa mahubiri marefu, ndio walioambiwa hawakunena yaliyo sawa. Wakatakiwa kupeleka ng'ombe 7 na kondoo waume 7 kwa Ayubu, na huyohuyo mlalamikaji ndiye awaombee.

Kwa hiyo msinikataze kunung'unika mbele za Mungu. Anayemlalamikia bado yuko mlangoni pake, hajapeleka kesi kwa mwingine. Anayeacha orodha yake ya mahitaji na kukimbilia maandazi ndiye aliyeondoka, hata kama alilia kuliko sote. Ila ukishalalamika, baki. Upande wa pili nao una la kusema, na mara nyingi siyo lile ulilojiandalia kuitikia "Amina".

Shida ndiyo hiyo ya kubaki. Kwetu kukiwa kimya kidogo tu, mtu anadhani kiongozi kasinzia, anaanzisha pambio, makofi yanafuata, na kama Mungu alikuwa ameanza sentensi, ndiyo basi tena. Nikaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya na pendekezo kwamba baada ya maombi tukae kimya dakika chache, tusikilize. Akalifurahia sana, akaliandika kabisa kwenye daftari. Kisha akaniuliza ni nani ataongoza huo ukimya, na kama atahitaji kipaza sauti.