Mwanachama Aitwaye Ng

Mweka hazina wa kikoba chetu hapa Mwanza alichoka kunakili meseji za michango kwenye daftari, akamwachia kazi hiyo mpwa wangu anayesomea kompyuta. Kijana akaandika programu kwa lugha ya Python. Roho yake ni mstari huu:

Tsh (?P<kiasi>[\d,]+) kutoka kwa (?P<jina>[A-Za-z ]+)

Alinieleza kwa madaha. Kila mabano hukamata kipande cha meseji na kukipa jina: hiki kiasi, hiki jina. Hiyo P ni ya Python yenyewe. Lugha nyingine, Perl, ilikuja kuyapa mabano yake majina baadaye, mwaka 2007, toleo la 5.10. Ukishakamata, unaita groupdict(), unaletewa kila kitu na lebo yake kama makopo ya viungo dukani. “Hakuna tena kuhesabu mabano, mjomba!”

Siku ya kikao orodha ikasomwa. Asha, 20,000. Juma, 20,000. Ng, 60,000.

Mwenyekiti akavua miwani. “Ng ndiye nani?” Aliuliza kwa heshima, maana kwa katiba yetu anayeongoza kwa akiba ndiye wa kwanza kukopeshwa. Mama mmoja akaapa kwamba anamfahamu, ni yule Mchina wa duka la vifaa vya ujenzi. Wajumbe wakapiga makofi.

Wakati huohuo mimi na majirani zangu wawili tukaitwa mbele tueleze kwa nini hatujachanga. Sote ni Wasukuma, na majina yetu yanaanza kwa Ng'. Mabano ya kijana yaliagizwa yakamate herufi na nafasi tu. Yakifika kwenye ritifaa, yanasimama hapohapo. Jina lililobaki halina mwenyewe. Na kwa kuwa programu hujumlisha michango kwa jina, fedha zetu sote zikamwangukia bwana mmoja.

Kijana akachomeka ritifaa ndani ya mabano, nami nikarejea kwenye orodha, na jirani mmoja, mzee wa dagaa, vilevile. Jirani wa pili akabaki Ng. Simu yake mpya huandika ritifaa iliyopinda, na kwa kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili zisizojuana.

Vijana mnaotuandikia programu, wekeni zote mbili. Nawe mweka hazina, Ng alishapitishwa kwa makofi. Tunaomba mkopo wake.