Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Kanzidata: Mapendekezo ya Kuirekebisha Pemba Ili Ilingane na Kompyuta

Kwa Ofisi Tukufu isiyotajwa jina, kwa kuwa kila ofisi inayoletewa orodha za shehia, yaani vitengo vidogo vya utawala vya Zanzibar, itajitambua yenyewe.

Ofisi inastahiki pongezi kwa kuyaacha madaftari na kuziingiza orodha za Pemba katika kanzidata, yaani ghala la taarifa ambalo kompyuta hulipanga kwa mistari na safu ili kila jambo litafutwe na kuonekana papo hapo. Pongezi kubwa zaidi ni za yule ambaye, alipofunguliwa dirisha la mipangilio, pale kompyuta inapouliza faili limeandikwaje kabla ya kulipokea, alibonyeza "Endelea" bila ya kusoma swali hata moja. Kwa kitendo hicho chaguo-msingi, yaani majibu ambayo mtengenezaji wa programu alikwisha kuyajaza kwa niaba ya walimwengu wote, yalipata nguvu ya sheria kuanzia Makangale hadi Mkoani. Madhali mipangilio haiguswi, kilichobaki ni kukigusa kisiwa.

Pendekezo la kwanza linahusu historia. Mpangilio wa tarehe ulioachwa ni wa Kimarekani, ambao hutanguliza mwezi na kuifuatisha siku, na kwa hesabu hiyo 10/12/1963, siku Zanzibar ilipopata uhuru kutoka Uingereza, husomwa 12 Oktoba, ilhali 12/01/1964, siku ya Mapinduzi, huwa 1 Desemba 1964. Muungano wa 26/04/1964 una mashaka zaidi, kwa sababu mwezi wa 26 haujapata kuandama popote duniani. Programu moja huikataa tarehe hiyo, nyengine huiacha seli tupu, na nyengine huigeuza maneno yasiyoweza kupangwa pamoja na tarehe. Inapendekezwa gwaride la Mapinduzi lihamishiwe Desemba, na sherehe za Muungano zisubiri mwezi uandame. Watakaosalimika ni wazee ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana wakaandikiwa 1 Januari, kwani 01/01 haipinduki hata isomwe kutoka upande gani.

Pendekezo la pili linahitaji subira kidogo. Ritifaa, ile alama ndogo ya juu inayoitofautisha ng' na ng, imechaguliwa kuwa alama ya kufungia maandishi: baadhi ya programu zikiiona, hata katikati ya neno, huamini kwamba maneno yameanza kunukuliwa, na haziachi kuamini hivyo mpaka zikutane na ritifaa nyengine. Orodha ya shehia iliyopangwa kialfabeti ndani ya kila wilaya, kila shehia mstari wake, huenda vyema hadi Ng'ambwa, Wilaya ya Chake Chake. Hapo mlango hufunguka, Pujini ikamezwa, Vitongoji, Wawi na Ziwani zikafuata, Konde na Makangale za Micheweni nazo zikaingia, na zote zikawa maandishi ya seli moja mpaka ritifaa ya Maziwa Ng'ombe inapokuja kuufunga. Msiba wa pili huanzia Ng'ombeni, Mkoani, ambayo haina mwenziwe wa kuifungia, kwa hiyo Wambaa na Wilaya nzima ya Wete hutumbukia humo hadi mwisho wa faili. Inapendekezwa sauti hiyo ifutwe katika matamshi ya Wapemba; ng'ombe wenyewe hawatarajiwi kukata rufaa.

Kuhusu idadi ya watu, Sensa ya 2022 iliihesabia Pemba watu 543,441. Kwa kuwa mkato umefanywa kitenganishi, yaani alama inayoonyesha safu moja inapokwisha na nyengine inapoanza, kanzidata imebakiwa na watu 543, na 441 wamesukumwa katika safu ya jirani, ambayo ni ya madau. Hazina itafurahi, kwani kisiwa cha watu 543 hakihitaji skuli nyingi.

Yupo pia mkulima wa karafuu aitwaye Jina Kamili, mkaazi wa shehia ya Shehia, aliyezaliwa kwa sababu hakuna aliyetia alama kwamba mstari wa kwanza ni wa vichwa vya safu. Naye apewe kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi.

Iwapo mapendekezo haya yataonekana ya gharama, ipo njia nyengine, ingawa haina heshima ya mageuzi makubwa: kitenganishi kiwe nuktamkato, maandishi yafungiwe kwa alama mbili za kunukuu, tarehe ziandikwe mwaka, mwezi, kisha siku, kama 1964-01-12, na mistari michache ya mwanzo itazamwe kabla ya kukubali yote; kisha mipangilio hiyo ihifadhiwe ili karani ajaye asiulizwe tena. Karani yeyote wa Wete angeimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri, isipokuwa neno la siri la dirisha la mipangilio hutolewa Unguja, kwa maombi ya maandishi yenye muhuri, ambayo tarehe yake sharti itangulize mwezi.