Sifa za Mitambo Isiyopatana

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, na farasi, na jahazi lenye tanga jipya, wala sina haja ya kuwaongezea. Mimi nakusudia kusifu jambo ambalo, licha ya fadhila zake zote, wale linaowafaa ndio wanaolilaani kuliko watu wengine, nalo ni ile taabu adhimu ya kuunganisha mitambo ya zamani ya redio ya ridhaa, ambayo kila mmoja umetoka kiwanda chake na zama zake, mikononi mwa fundi aliyekuwa na yakini kwamba hapana kiwanda kingine duniani ila chake.

Wanaredio wa ridhaa ni watu waliopewa leseni na serikali zao wazungumze na walimwengu kwa mawimbi pasi na ujira, na Marekani, ambako jumuiya yao ya ARRL iliasisiwa mwaka 1914, ndiko ilikojaa mitambo ninayoisifu. Huko tajiri alinunua Collins, iliyotengenezwa Cedar Rapids katika jimbo la Iowa: mtambo wa kurushia na chombo cha kupokelea, vya rangi moja na kimo kimoja, vikiungwa kwa nyaya zilizokadiriwa kiwandani, hata ukizungusha kirungu kimoja vyote viwili huhamia masafa yale yale kama vilivyoagizwa. Maskini tajiri huyo! Alimaliza kazi yake kabla chai haijapoa, na tangu hapo hakubakiwa na shughuli yoyote ila kuzungumza na watu.

Ama yule kijana asiye na kitu, aliyepata leseni ya wanafunzi iliyoanzishwa mwaka 1951, ambayo haikumruhusu kuzidisha wati 75 wala kutoka nje ya masafa ya kristali yake, kijiwe kiufungacho mtambo mahali pamoja, yeye aliokota kilichopatikana. Tuseme alipata Heathkit DX-60, mtambo wa kurushia uliouzwa vipande vipande ili mnunuzi aulehemu mwenyewe. Akapata na Hallicrafters S-38 ya Chicago, redio ya kupokelea ya mwaka 1946 isiyo na transfoma. Na baadaye, sheria ya kristali ilipolegezwa mwaka 1972, akajipatia BC-459 ya kuichagulia DX-60 masafa badala ya kristali, kisanduku cha ndege za kijeshi kilichouzwa rahisi baada ya Vita Kuu ya Pili, ambacho huanzia megahezi 7, mahali penyewe anapopataka. Vitatu hivyo akaviweka juu ya meza moja. Ndipo elimu ilipoanza.

Kwanza, DX-60 hutoa volti 6.3 za kuwashia valvu za mwenziwe, ilhali valvu za BC-459 zataka volti 12.6 kila moja, nazo zimepangwa kwa kufuatana kwa ajili ya umeme wa ndege wa volti 28. Kwa hiyo kijana, ambaye shuleni alisinzia somo la umeme lilipofundishwa, sasa alikesha akichora njia za umeme, akikata waya hapa na kuunga pale, bila mwalimu wala fimbo. Ni madrasa gani yenye taathira kama hiyo? Tena vyombo vile havikukubaliana hata juu ya mlango wa kuingilia: mmoja wataka plagi nene ya kuzungusha, wa pili wataka waya mtupu chini ya skrubu, na wa tatu una soketi ya jeshi ambayo plagi yake, kwa hekima ya waliouza, ilibaki ndegeni.

Kisha kuna suala la antena, ambayo ni moja na wanaoidai ni wawili. Hapa huingia rilei, mshenga mwenye subira, aendaye mara kwa huyu mara kwa yule, na asipofika kwa wakati nguvu zote za mrushaji humwagikia sikioni mwa mpokeaji. Na mpokeaji naye hana budi kunyamazishwa: wapo wanaonyamaza nyaya mbili zikigusana, wapo wanaonyamaza zikiachana, na S-38 hainyamazi mpaka mkono wa mwanadamu uisukume swichi iliyo usoni mwake. Mkono wa pili uko kwenye kifunguo cha Morse. Wenye kuhitaji mkono wa tatu wa kuandikia hujifunza kuhifadhi kwa moyo, jambo ambalo wazee wetu walilisifu sana.

Kifunguo chenyewe si cha kudharauliwa. Katika mitambo mingine hubeba umeme chanya, katika mingine hasi, na kifaa cha kisasa cha transista kilichozoea upande mmoja hufa kimya kikiungwa na wa pili. Lakini kile cha chuma cha kale hakibagui, ila humkumbusha mwenye kidole kizembe, kwa mshtuko mfupi, kwamba adabu ni kushika kirungu chake. S-38 nayo, kwa kukosa transfoma, yaweza kuleta umeme wa nyumba karibu na bati lake kuliko ipasavyo, na atakayeshika bati hilo kwa mkono mmoja na la DX-60 kwa mwingine atafahamu maana ya waya wa ardhi pasi na kitabu.

Wala nisisahau ujirani. Mtambo usiokingwa vizuri hutoa mawimbi ya ziada yaingiayo katika televisheni za mtaa mzima, hata watu ambao hawajapata kumwamkia kijana wakaja mlangoni pake usiku, kwa jazba, wakamwita kwa jina lake. Mwenye Collins aweza kuishi miaka kumi asijue ni nani akaaye ng'ambo ya ua.

Basi aliye na jozi kamili, iliyong'arishwa, yenye nyaya zake za kiwandani, namshauri aiuze leo, kwani thamani yake itamnunulia vyombo kadhaa visivyopatana. Na avipatapo, asifungue kifuniko chochote kabla ya kuchomoa plagi na kuhakikisha kwa kipimo kwamba kapasita zimekwisha nguvu, maana hizo hushika umeme wa kuua hata swichi ikiwa imezimwa.